Kugombea Kazi Isiyo na Mshahara

Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Ni vikao vya jioni hadi usiku, makabrasha ya bajeti mazito kama tofali, wazazi wenye hasira kwenye kipaza sauti, na mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia benki. Na ili jina lako lionekane kwenye karatasi ya kura, ulitakiwa kwanza ukusanye saini zisizopungua 1,000 za wapiga kura walioandikishwa kwenye wilaya yako. Pamoja na yote hayo, watu 47 walirudisha fomu.

Huo ndio uchaguzi wa Bodi ya Elimu ya Chicago wa tarehe 5 Novemba 2024, wa kwanza katika historia ya jiji hili. Wenzangu wa Dar es Salaam huwa hawaamini nikiwaambia kwamba jiji kubwa kama hili, lenye shule za umma zaidi ya 600 na wanafunzi wapatao 325,000, halikuwahi kuchagua bodi yake ya shule hata siku moja. Miji midogo ya Illinois ilikuwa inachagua. Vijiji vyenye shule moja vilikuwa vinachagua. Chicago peke yake ndiyo iliyobaki na bodi ya kuteuliwa, na tangu sheria ya mwaka 1995 meya ndiye aliyekuwa na rungu lote: anateua wajumbe, anateua mtendaji mkuu, na shule ikifungwa au ikifunguliwa, lawama na sifa zinamwendea yeye. Richard M. Daley alilishika rungu hilo, akafuata Rahm Emanuel, na ni chini ya Emanuel, mwaka 2013, ndipo bodi ilipopiga kura kufunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo mmoja, nyingi zikiwa kwenye mitaa ya watu weusi ya kusini na magharibi mwa jiji. Ukitaka kujua uchaguzi huu ulitoka wapi, anzia hapo. Watu waliofungiwa shule hawakuwa na mtu wa kumnyima kura isipokuwa meya mwenyewe, na meya ana mambo mia ya kuhukumiwa nayo, kuanzia takataka hadi polisi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, wazazi na wanaharakati walifunga kula siku 34 ili sekondari ya Dyett isife. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Aaron Brown, ambaye hapa kila mtu humwita Jitu. Namtaja kwa sababu atarudi tena.

Sheria ya kuleta uchaguzi ilipita mwaka 2021, Gavana J.B. Pritzker akaitia saini, lakini kama kawaida ya wanasiasa walitoa nusu na kubakiza nusu. Bodi ya wajumbe saba ikawa ya wajumbe 21. Kati ya hao, kumi wangechaguliwa mwaka 2024, na kumi na mmoja, akiwemo mwenyekiti, bado wangeteuliwa na meya. Jiji likagawanywa wilaya kumi, kila wilaya ikakatwa vipande viwili: aliyechaguliwa akitoka kipande kimoja, meya anateua mkazi wa kipande cha pili. Bodi nzima kuchaguliwa ni Novemba 2026, mwenyekiti akipigiwa kura na jiji zima.

Mimi naishi Rogers Park, kaskazini kabisa mwa jiji, karibu na ziwa. Tuko Wilaya ya 2. Huku utasikia Kiswahili bila kukitafuta: Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, baadhi kupitia kambi za Kigoma na Kakuma, Warundi, Wakenya, sisi Watanzania wachache, na Wasomali wanaokijua Kiswahili kuliko wanavyokubali. Ukipita Barabara ya Devon kununua nyama halali na unga, utasalimiwa kwa Kiswahili cha aina tatu kabla hujafika kwenye kaunta.

Saini zilianza kutafutwa baridi ikiwa imelegea. Nilikuwa natoka kituo cha treni cha Howard, kijana mmoja mwenye ubao wa kubania karatasi akanisimamisha. Alikuwa na kalamu nne mfukoni na moja sikioni. Swali lake la kwanza halikuhusu elimu kabisa. Aliuliza kama nimejiandikisha kupiga kura Chicago. Nikamwambia nina kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, si raia. Akanishukuru kwa adabu na kunigeuzia mgongo papo hapo kumkamata mtu mwingine. Sikumlaumu. Saini ya mtu kama mimi kwake si sifuri tu, ni hasara, maana kila jina lisilostahili ni zawadi kwa mpinzani.

Hilo la saini lina uchafu wake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo lililonifanya nijisikie nyumbani. Fomu ya saini ina mistari. Kila mstari una jina, saini na anwani. Chini kabisa aliyezunguka nayo anaapa kwa maandishi mbele ya mthibitishaji kwamba watu wale walisaini mbele ya macho yake. Ukirudisha fomu zako, mtu yeyote mpiga kura wa wilaya yako ana siku chache za kuweka pingamizi. Basi wanasheria wanakaa na fomu zako kama wake wenza wanaochambua mchele wa mwenzao: huyu anwani yake iko nje ya wilaya, huyu hakujiandikisha, huyu saini yake haifanani na ile iliyo kwenye daftari, ukurasa huu wote hauna mhuri. Bodi ya Uchaguzi inasikiliza, mstari kwa mstari. Ukishuka chini ya 1,000, umeenguliwa. Ndiyo maana wenye uzoefu hupeleka saini karibu na 3,000, ambayo ndiyo idadi ya juu iliyoruhusiwa. Kati ya wale 47, waliofika kwenye karatasi ya kura walikuwa thelathini na kitu. Wengine walijitoa, wengine walikatwa kwenye saini.

Mchezo huu ni wa zamani hapa. Barack Obama mwenyewe alipoingia kwenye siasa mwaka 1996, akigombea useneta wa jimbo la Illinois, watu wake walipinga saini za wapinzani mmoja baada ya mwingine, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa anashikilia kiti hicho, mpaka akabaki peke yake kwenye kura za mchujo. Kila kitu kilifuata sheria. Mtanzania aliyefuatilia uchaguzi wetu wa serikali za mitaa, wa 2019 na ule wa Novemba hiyohiyo ya 2024, anajua ladha ya mgombea kuondolewa kwa sababu ya fomu. Tofauti ni kwamba hapa anayekuengua ni mpinzani wako, si mtendaji wa kata, na kikao kinafanyika hadharani, una wakili, unabishana. Ila mwenye hela za wakili ndiye anayebishana vizuri. Mama aliyekusanya saini zake 1,100 baada ya kazi, na watoto kwenye kigari, akiwekewa pingamizi na wakili wa kulipwa, mara nyingi anakwenda na maji.

Hela. Hapo ndipo watu wengi waliposhangaa. Kwa kazi isiyolipa, mamilioni ya dola yalimwagwa. Upande mmoja alikuwepo mwenye nguvu zake, Chama cha Walimu cha Chicago, CTU, ambacho mwaka mmoja kabla kilikuwa kimemsaidia mmoja wao, Brandon Johnson, aliyekuwa mwalimu na mratibu wa chama hicho, kuwa meya. Upande wa pili walikuwepo watetezi wa shule za chata, yaani zile zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa fedha za umma, pamoja na matajiri wanaowaunga mkono. Kuna waliokuwa wanagombea kwa mifuko yao wenyewe. Wilayani kwetu alikuwepo mfanyabiashara aliyetoa fedha zake nyingi.

Kwa nini? Kwa sababu bodi ndiyo inayoidhinisha mkataba wa walimu, ndiyo inayoamua shule ya chata iongezewe muda au ifungwe, ndiyo inayomwajiri na kumfukuza mtendaji mkuu, na inapitisha bajeti inayokaribia dola bilioni 10. Mjumbe halipwi senti, lakini kalamu yake inasaini mabilioni. Ukiliona hivyo, huulizi tena kwa nini kisanduku changu cha barua kilikuwa kinajaa.

Na kilijaa kweli. Vile vipeperushi vya karatasi nzito inayoteleza, vikubwa kuliko mkeka wa kuwekea sahani. Mgombea wao yuko kwenye rangi, jua linamwakia, amezungukwa na watoto wenye mikoba. Mpinzani yuko kwenye rangi nyeusi na nyeupe, picha imepigwa akiwa anafumba jicho. Kuna vilivyosema fulani ni kibaraka wa chama cha walimu, na vilivyosema fulani ni kibaraka wa mabilionea. Kuhusu hesabu na kusoma, maneno mawili matatu chini, kwa herufi ndogo. Uchaguzi huu hauna vyama. Jina la mgombea linakaa lenyewe bila chama pembeni. Kura ilipigwa siku moja na ile ya Trump na Kamala Harris, karatasi ikiwa ndefu kama risiti ya harusi, na majaji kibao wa kuthibitishwa. Mpiga kura akifika kwenye Bodi ya Elimu amechoka na hana alama ya kumsaidia kukisia. Kwa hiyo kile kipeperushi ndicho kinachobaki kichwani.

Nilikwenda kwenye mdahalo mmoja wa wagombea, kwenye ukumbi wa kanisa. Hata asiyepiga kura anaruhusiwa kukaa. Viti vya kukunja, chupa za maji, mama mmoja mbele mwenye kadi za rangi: njano umebakiza nusu dakika, nyekundu nyamaza. Swali la mwanzo lilikuwa la mabasi. Tangu mwaka wa masomo wa 2023, kwa kukosa madereva, shule za Chicago zilikuwa zimebakiza mabasi kwa wanafunzi wenye ulemavu na wasio na makazi, na wale wanaosoma shule za mbali za vipaji na za mitaala maalumu wakaachwa wajitafutie. Mzazi akauliza, utarudisha mabasi? Wagombea wote walisema suala hilo ni muhimu sana. Kadi ya njano ikainuliwa. Mmoja tu, sitamtaja, alisema: madereva hawapo, na hata wakipatikana hela yake itatoka mahali, kwa hiyo niambieni nikate nini. Ukumbi haukumpigia makofi. Mimi nilimwona ndiye pekee aliyekuwa anaomba kazi ya bodi. Wengine walikuwa wanaomba kupendwa.

Matokeo yalipotoka yalikuwa ya kila mtu na hayakuwa ya mtu. CTU ilipata wanne kati ya kumi, akiwemo Ebony DeBerry wa kwetu Wilaya ya 2, mwalimu wa zamani aliyegeuka mratibu wa jamii, na yule Jitu Brown wa kufunga kula siku 34, aliyepita upande wa magharibi. Waliobebwa na upande wa shule za chata walikuwa watatu. Na watatu hawakuwa wa kambi yoyote: Jessica Biggs aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, Therese Boyle, mwanasaikolojia mstaafu wa shule za jiji, na Che Smith, ambaye vijana wanamjua kama Rhymefest, mwanamuziki wa rap mwenye tuzo ya Oscar. Pamoja na fedha zote zile, watu walichagua pia mtu aliyewahi kukaa chumbani na mtoto anayelia. Hilo lilinipa moyo kidogo.

Lakini wakati kampeni zikiendelea, ofisi ya meya ilikuwa inawaka moto. Meya alitaka shule zichukue mkopo wa dola milioni 300 kulipia mkataba mpya wa walimu na mchango wa pensheni. Mtendaji mkuu, Pedro Martinez, akakataa, akisema mkopo wa riba kubwa utawatesa watoto wa kesho. Meya akataka aondoke. Mwanzoni mwa Oktoba, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, wajumbe wote saba wa bodi iliyokuwepo, walioteuliwa na meya huyohuyo, wakatangaza kujiuzulu. Meya akateua wengine. Mwenyekiti mpya naye akadumu siku chache, akaondoka kwa sababu ya mambo aliyokuwa ameyaandika kwenye mitandao. Halafu tarehe 20 Desemba, baada ya wananchi kupiga kura lakini kabla waliochaguliwa hawajaapishwa, bodi ile ya kuteuliwa ikamfukuza Martinez. Wapiga kura walikuwa wameshasema, ila wasemaji wao walikuwa bado wako nje ya mlango.

Waliapishwa Januari 2025. Na wale waliodhani bodi ya wajumbe 21, wengi wao wakiwa wa kuteuliwa, itakuwa mhuri wa meya, walikosea. Agosti 2025 suala la mkopo lilirudi, mara hii ndani ya bajeti yenye pengo la dola milioni 734. Bodi ikapitisha bajeti isiyo na mkopo, kwa kura 12 dhidi ya 7. Mpaka leo sijui kama uamuzi ule ulikuwa sahihi kifedha. Wanaojua hesabu za pensheni wanabishana. Ninachojua ni kwamba kabla ya 2024 ubishi ule usingefika kwenye kura.

Sasa nije kwa watu wangu, maana hii ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Katika kelele zote hizo, nilikuwa naongea na jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama wa Uvira, Kongo, mtu mzima wa kuheshimika, wajukuu wake wanasoma shule moja na wanangu. Nilikuwa nimepanda kumpelekea mihogo. Nikamuuliza kama ameona wagombea wa bodi. Akacheka. "Dada, siye tuko bageni, tutapigaje kura?" Nyuma yake ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, juu ya picha ya harusi ya binti yake, kilikuwa kinaning'inia cheti chake cha uraia wa Marekani. Aliapa miaka iliyopita. Mkimbizi hapa hupata kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano tangu afike anaweza kuomba uraia. Ndiyo maana wengi wa Wakongo wa mtaani kwetu wametutangulia sisi tuliokuja kwa masomo au kwa ndoa. Yule mama alikuwa na haki yote na mimi sina, lakini sote wawili tulikuwa tumekaa jikoni tukijiona wageni sawasawa.

Na kuna kura nyingine ambayo hata mimi ninayo, na hiyo ndiyo inayonikera kuona tunaiacha.

Kila shule ya kawaida ya umma ya Chicago ina Baraza la Shule lake, la kuchaguliwa. Si jambo jipya. Mwaka 1987 walimu waligoma siku 19, wazazi wakachoka, na waziri wa elimu wa Marekani wa wakati huo, William Bennett, akazitaja shule za Chicago kuwa mbovu kuliko zote nchini. Hasira ile, pamoja na mikutano aliyoianzisha Meya Harold Washington kabla hajafariki, ikazaa sheria ya mwaka 1988. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ulifanyika Oktoba 1989, na wagombea wapatao 17,000 walijitokeza kwa nafasi zipatazo 5,400. Ndiyo, elfu kumi na saba. Wale thelathini na kitu wa 2024 waliotingisha jiji ni tone.

Kwenye shule ya msingi baraza lina wazazi sita, wakazi wawili wa mtaa, walimu wawili, mfanyakazi mmoja asiye mwalimu, na mwalimu mkuu mwenyewe. Wazazi ni wengi kuliko kundi lolote jingine, na haikutokea kwa bahati. Sheria ilitaka hivyo. Baraza linapitisha bajeti ya shule. Linapitisha mpango wa kuboresha masomo. Na kubwa kuliko yote, linamchagua mwalimu mkuu na kumpa mkataba wa miaka minne, na kila mwaka linamtathmini. Mzazi wa Tanzania aliyekaa kwenye kamati ya shule anajua tunavyozoea: mwalimu mkuu analetwa na serikali, kamati inapokea na kuandaa soda. Kule wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamati zilipewa kusimamia fedha za ruzuku na ujenzi wa madarasa, na bado nani atakuwa mwalimu mkuu halikuwa swali la wazazi. Kenya sheria ya elimu ya 2013 inawapa wazazi viti sita kwenye bodi ya shule, lakini mwalimu mkuu anapelekwa na TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu. Hapa wazazi sita wakikubaliana, wanaweza kumkatalia mwalimu mkuu mkataba mpya, na anaondoka.

Na si lazima uwe raia. Mzazi wa mtoto anayesoma pale anapiga kura na anagombea, awe na kadi ya kijani, awe mwomba hifadhi, awe nani. Miji mingine imepigania miaka mingi kupata hata nusu ya hilo: San Francisco iliwaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura za bodi ya shule baada ya wananchi kupitisha hoja hiyo mwaka 2016. Chicago tumekuwa nayo tangu 1989.

Nimekaa kwenye baraza la shule ya wanangu. Fomu ni fupi, unaandika maelezo yako mafupi ya kujieleza, ukichaguliwa unachukuliwa alama za vidole kuhakikisha huna rekodi ya uhalifu, na unahudhuria mafunzo. Kampeni yangu ilikuwa kusimama langoni asubuhi na chupa ya chai na kuwaambia akina mama majina yetu. Viti vya wazazi vilikuwa sita na tuliojitokeza hatukuvijaza. Shule nyingi ziko hivyo. Watu walikuwa wanachambua saini za Bodi ya Elimu kwa wakili, na kiti kinachoamua nani awe mwalimu mkuu wa mtoto wao kinakosa mtu.

Tulipokuwa tunatafuta mwalimu mkuu mpya, waombaji wa mwisho waliletwa mbele ya wazazi kuulizwa maswali. Kila mmoja alikuja na maneno mazuri ya kusoma na kuandika. Mama mmoja Mrundi, ambaye si mjumbe, aliomba mwanawe amtafsirie. Akauliza: mkinipigia simu kwamba mtoto ameumia, atakayenipigia ataongea lugha gani? Mwombaji wa kwanza alisema shule inathamini familia zote. Wa pili alisema kuna huduma ya wakalimani kwa simu, makao makuu ya shule za jiji yanailipia, na yeye shuleni kwake alikuwa amebandika namba yake kando ya simu ya ofisini kwa sababu makatibu walikuwa hawaijui. Tulimchukua wa pili. Alikuwa na mambo mengine mazuri, lakini ile karatasi ya kando ya simu ndiyo iliyotushika.

Nitasema na la tahadhari, maana najua wasomaji wangu. Uchaguzi wa Baraza la Shule na uchaguzi mwingine wowote ni vitu viwili tofauti, na asiye raia asivichanganye. Kwenda kupiga kura ya Bodi ya Elimu, ya meya au ya rais bila uraia ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchini, hata kama karani ndiye aliyekupa karatasi. Hata ukienda kuchukua leseni ya udereva, soma unachosaini, maana fomu za kujiandikisha kupiga kura hupita humohumo. Kura ya baraza unaipigia shuleni, kama mzazi, na haihitaji ujiandikishe popote. Ila fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura kwenye uchaguzi wowote, hadi wa mitaa. Jibu kweli, eleza ilikuwa kura gani, tunza karatasi zako, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaituma. Najua kuna watakaosoma hapa na kuamua bora kukaa kimya nyumbani. Wana haki ya kuogopa. Lakini kuna mengi ya barazani yasiyohitaji kura hata moja: vikao viko wazi kwa yeyote, na dakika za wananchi kuzungumza zipo kwenye ajenda.

Wengine huniambia baraza ni dogo, hela zote ziko juu kwenye Bodi. Ni kweli, na baraza haliwezi kuongeza hata senti kwenye kile kinachoshushwa. Mwaka ambao Bodi inakata, sisi chini tunachagua tu kidole gani kikatwe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuachane na Bodi tushughulike na shule yetu. Jitu Brown na wenzake walilala njaa kwa sababu baraza la Dyett, hata lingekuwa na wazazi wazuri namna gani, lisingeweza kuizuia Bodi. Na wagombea wa Bodi watarudi. Novemba 2026 ni viti vyote 21, hakuna wa kuteuliwa tena, na vipeperushi vitakuja kwa magunia.

Orodha yangu ya maswali iko tayari. Mkopo, utaukubali kwa masharti gani. Shule zenye wanafunzi wachache kuliko vyumba, utazifunga au utazifanyaje, na utuambie kabla ya uchaguzi. Mkalimani kwenye siku ya kuchukua ripoti. Mabasi, na nini kitakatwa ili yarudi. Mgombea akibisha hodi na kuniuliza kama mimi ni mpiga kura, nitamwambia hapana, lakini apande ghorofa ya pili. Yule mama wa Uvira sasa ameshajiandikisha, yeye na mabinti zake watatu na wakwe, na wote wanasubiri niwaambie mgombea amejibu nini.